Ngazi ya Nyuma ya Gari Yahitaji Utingo

Wapo watu wanaonunua kitu kwa haja ya siku moja, kisha kitu hicho kikakaa nao miaka. Mfano mmoja ni ile ngazi ya chuma inayofungwa nyuma ya magari makubwa ya familia, ya aina ya Prado, Land Cruiser na mengine ya jamii hiyo. Aghalabu gari hutoka kiwandani bila ngazi. Mwenye gari akishalilipia ushuru na kulitembeza mwezi mmoja au miwili, huona kwamba paa lake ni pana, huona mwisho wa mwaka unakaribia, na huona kwamba safari ya kwenda Moshi, Bukoba au Mbeya haikwepeki. Basi huenda kwa fundi kule Gerezani, ama kwenye duka la vipuri, akafungiwa keria juu na ngazi nyuma. Safari huisha, sikukuu hupita, ngazi hubaki.

Ndugu wasomaji, leo napenda tuzungumze juu ya maisha na ngazi hiyo baada ya safari kwisha. Baadhi yenu mtasema kwamba ni jambo dogo, tena la wenye magari tu. Lakini gari likiwa moja katika ua, watoto wanaolichezea ni wa nyumba nne. Na gari la mjomba likisimama mlangoni kwa siku tatu, ngazi yake ni ya nyumba ile kwa siku hizo tatu. Kwa hiyo jambo hili linatuhusu sote, wenye magari na wasio nayo.

Wasomaji wenye umri wa makamo watayakumbuka mabasi ya mikoani ya miaka ya 1970 na 1980. Mizigo ilipanda juu ya paa: magunia, mikungu ya ndizi, baiskeli, vitanda, hata kuku katika matenga. Nyuma ya basi palikuwa na ngazi, na ngazi ile ilikuwa na mwenyewe. Mwenyewe alikuwa utingo. Abiria hakupanda, abiria aliuonyesha mzigo wake kwa kidole, na utingo akaupandisha. Utingo hakuwa mtu wa cheo, na mara nyingi alitukanwa bure, lakini alikuwa na elimu ya kazi yake. Alijua mambo manne. Aliijua ngazi yake, aliujua mzigo wake, aliijua kamba yake, na aliijua ishara yake, yaani lile pigo la kiganja kwenye bodi ambalo dereva mwangalifu hakuondoa basi kabla ya kulisikia.

Sasa ngazi imehamia nyumbani, lakini utingo hakuhamia nayo. Katika gari la familia apandaye ni yeyote aliye karibu: baba mwenye haraka ya kwenda kazini, mama aliyejifunga kanga, kijana wa sekondari anayetaka kuonyesha nguvu zake, na mdogo wake wa miaka sita ambaye jana alimwona kaka yake akipanda. Hapo ndipo penye taabu yote. Chuma hakina kosa. Kilichokosekana ni mtu aliyepewa kazi hiyo na kuijua. Na tuyaangalie basi yale mambo manne ya utingo, moja baada ya jingine, tuone jinsi yanavyoweza kuingia katika nyumba zetu.

KUIJUA NGAZI

Kwanza tuwe waadilifu. Ngazi ina manufaa. Asiye na ngazi hupanda kwa kukanyaga tairi, kisha kizingiti cha mlango, kisha akaning'inia kwenye keria kama popo, na mguu ukiteleza hana pa kushika. Aliye na ngazi nzuri hupanda kwa utaratibu, huosha paa, huzikagua kamba, na hushusha sanduku la bibi bila kulitupa. Kwa hiyo sisemi tuing'oe. Nasema tuifahamu.

Ngazi ya gari si kama ngazi ya nyumba. Ngazi ya nyumba huegemezwa kwa mshazari na mwili huielemea. Ngazi ya gari imesimama wima na imebanana na mlango, hata nyingine hazina nafasi ya kutosha kidole gumba cha mguu. Mguu usipoingia vizuri, uzito wote huning'inia kwenye mikono. Ndiyo maana kabla ya kulipa fedha yako, weka kiatu chako kwenye kipandio ukiwa hapo hapo dukani, uone kama unyayo unapata pa kukaa. Vipandio viwe na mikwaruzo au mpira wa kuzuia utelezi, kwa sababu bomba lililopakwa rangi ya kung'aa, likilowa mvua, huteleza kama samaki.

Pili, tazama imefungwa wapi. Yapo magari ambayo mlango wake wa nyuma hufunguka kwa pembeni, na yapo ambayo mlango huinuliwa kwenda juu. Ule wa kuinuliwa hushikiliwa na vyuma viwili vya gesi vilivyopimwa kwa uzito wa mlango peke yake. Ukiongeza ngazi ya kilo kadhaa, vyuma hivyo huchoka mapema, na siku moja mlango hushuka wenyewe juu ya kichwa cha aliyeinama kutoa kikapu. Ule wa pembeni nao mara nyingi umekwisha kubeba tairi la akiba, ambalo pamoja na rimu yake huweza kufikia kilo 30. Ukiongeza ngazi, na kisha mtu juu ya ngazi, bawaba hulegea, mlango hulala, na kila ukifunga lazima uuinue kwa goti. Dalili ya kwanza ni sauti: mlango ulioanza kulala hugonga kwenye matuta.

Kutokana na hayo ipo amri moja isiyo na mjadala: mtu asipande ngazi mlango ukiwa wazi. Mlango uliofungwa barabara hugawa uzito wa mpandaji baina ya bawaba na kitasa. Mlango ulio wazi huuacha uzito wote kwenye bawaba peke yake, tena mlango wenyewe huweza kuzunguka na mtu akiwa juu yake.

Tatu, namna ya kupanda. Wafanyakazi wa viwandani na wa bandarini wanaifahamu kanuni hii: wakati wote viungo vitatu viwe vimeshika, mikono miwili na mguu mmoja, ama miguu miwili na mkono mmoja. Maana yake ni kwamba hakuna kupanda na mzigo mkononi. Mmoja hupanda mikono mitupu, mwingine humpokeza kutoka chini. Kandambili zivuliwe, kanga na kitenge vikunjwe, na anayeshuka aitazame ngazi, asiipe mgongo.

KUUJUA MZIGO

Jambo la pili alilolijua utingo ni uzito. Alikuwa akiliinua gunia kidogo, akalirudisha chini, akajua. Sisi wa magari ya nyumbani huamini kwamba paa likiwa pana basi lina nguvu, na kwamba ngazi ikiwapo basi kiwanda kimetoa ruhusa. Sivyo. Kila gari limewekewa kikomo cha uzito wa paa, na kikomo hicho kimeandikwa katika kitabu chake. Kwa magari mengi ya aina hii, gari likiwa katika mwendo, kikomo huwa kati ya kilo 75 na 100 hivi, na ndani ya hesabu hiyo umo uzito wa keria yenyewe. Magari mengi yaliyotumika Japani huja na kitabu cha Kijapani, au huja bila kitabu kabisa; mwenye gari kama hilo na aulize kwa wakala wa aina ya gari lake kabla ya kupakia.

Tufanye hesabu ya nyumbani. Chukua gari lenye kikomo cha kilo 100. Keria ya chuma iliyochomelewa na fundi yaweza kuwa na kilo 30. Zimebaki 70. Mfuko mmoja wa saruji ni kilo 50. Zimebaki 20, nazo ni sawa na ndoo moja kubwa ya maji ya lita 20. Basi, umemaliza. Gunia la mchele la kilo 100, ambalo shangazi wa Mbeya analitoa kwa moyo mweupe kabisa, halina nafasi juu ya paa hilo. Na liende ndani, chini, nyuma ya viti, au lipelekwe kwa lori.

Mtu atauliza: mbona nimeona gari limepakia magunia matatu na likafika? Ni kweli kwamba gari likiwa limesimama paa huweza kuhimili uzito zaidi ya ule wa mwendoni. Lakini gari likiingia shimoni, mzigo hupiga paa kwa nguvu inayopita uzito wake uliopimwa kwenye mizani. Tena uzito ulio juu huyumbisha. Mzigo wa paani uko kimo cha karibu mita mbili kutoka barabarani. Gari likikata kona, huvuta kwenda nje, na tairi za upande wa ndani hupungukiwa na nguvu ya kushika lami. Anayeshuka mlima Kitonga kule Iringa, wenye kona kali upande mmoja na bonde upande wa pili, hahitaji mwalimu wa fizikia kumweleza jambo hilo. Na anayekatiza Mbuga ya Mikumi, ambako barabara kuu hupita katikati ya hifadhi, akikwepa mnyama kwa ghafla huku magunia yako juu, huenda akamkosa mnyama na gari likapinduka.

Kwa hiyo juu viwekwe vitu vikubwa lakini vyepesi: magodoro, vikapu vitupu, hema, masanduku ya nguo. Vitu vidogo lakini vizito, kama saruji, mchele, mitungi na vyuma, vikae chini. Na apandaye asisimame katikati ya paa, kwani bati lake ni jembamba, halifiki hata milimita moja, na likibonyea halirudi.

KUIJUA KAMBA

Utingo alikuwa akifunga, akatikisa, akafunga tena. Kisha basi likisimama mahali pa kunywa chai, yeye hakwenda kunywa chai kwanza; alipanda kukagua. Nasi tufanye hivyo. Kamba ya katani ni nzuri, lakini ikilowa na kukauka hubadilika urefu, na fundo lililokaza Chalinze huweza kuwa limelegea kabla ya Morogoro. Turubai lifungwe pande zote nne, maana upepo wa mwendo ukiingia upande mmoja hulifanya tanga. Baada ya kilomita 30 za mwanzo, simama mahali salama, kagua, kisha uendelee.

Kamba ya ngazi yenyewe ni bolti zake. Ngazi mpya huanza kulegea baada ya safari ya kwanza ya barabara ya changarawe, kwa sababu mtikisiko hufungua nati. Ni kazi ya dakika kumi: magari ya Japani mengi hutumia spana namba 10, 12 na 14, na kila nyumba yenye gari yafaa iwe nazo. Usikaze kwa hasira, kwani bati la mlango hubonyea. Kaza mpaka ishike, na uweke nati ya kujifunga isiyofunguka kwa mtikisiko.

Kwa sisi wa Dar es Salaam, Tanga, Mtwara, Lindi na Visiwani, yupo adui mwingine, naye ni chumvi. Upepo wa bahari hubeba chumvi na kuilaza juu ya kila chuma. Fundi akitoboa mlango kwa ajili ya bolti na asipake rangi kwenye ukingo wa tundu, kutu huanzia hapo na kutambaa chini ya rangi pasipo kuonekana, hadi siku rangi itakapovimba kama jipu. Tundu na lipakwe rangi ya kuzuia kutu, kisha mpira uwekwe kati ya ngazi na mlango. Mpira huo hufanya kazi mbili: huzuia mkwaruzo, tena hutenganisha madini mawili yasiyo ya aina moja. Aluminiamu na chuma vikigusana penye unyevu wa chumvi, kimoja humla mwenzake. Ngazi ya mabomba ya kuchomelea nayo huweza kuoza kutoka ndani, maji yakiingia na kukosa pa kutokea. Mwombe fundi aache kitundu kidogo chini. Na ukirudi kutoka ufukweni, ioshe kwa maji baridi siku ile ile.

Katika kufunga, tazameni pia kwamba ngazi isizibe namba za gari, taa za nyuma, wala kamera ya kurudi nyuma kwa magari yaliyo nayo. Nyumbani, gari lisiegeshwe kwa kulipa ukuta mgongo. Ngazi iliyo karibu na ukuta ni daraja. Mwizi hulitumia usiku, na mtoto hulitumia mchana.

KUIJUA ISHARA

Nimeliacha jambo hili mwisho kwa makusudi, kwa kuwa hilo ndilo linaloweza kutuliza.

Katika mitaa yetu upo mchezo ambao watoto wanaupenda kuliko hata mpira. Gari la baba linapotokea jioni, watoto hulikimbilia getini, na mmoja wawili hudandia ngazi ya nyuma ili wasafirishwe zile hatua ishirini hadi mahali pa kuegesha. Baba anajua, anaendesha taratibu, anacheka. Mama anachungulia dirishani, naye anacheka. Ni furaha ya kweli, na sitaki kuidharau. Mtoto aliyeshinda siku nzima akimngoja mzazi wake ana haki ya furaha.

Lakini mtoto huyo amejifunza jambo moja, kwamba ngazi ni kiti chake. Hakujifunza kwamba ni kiti chake baba akiwapo tu. Kesho gari litaendeshwa na mjomba asiyeujua mchezo huo. Kesho kutwa litakuwa ni gari la mgeni, lenye ngazi kama ile ile, linaloelekea barabara kuu. Na mahali anapodandia mtoto ndipo mahali dereva asipopaona: vioo vya pembeni haviufikii mgongo wa gari, na kioo cha ndani humwonyesha dereva yaliyo mbali, si kichwa cha mtoto kilicho chini ya dirisha, nyuma ya tairi la akiba. Dereva akirudi nyuma, mtoto yuko kati ya gari na ukuta. Dereva akienda mbele na kukanyaga breki ghafla, mikono ya miaka sita haiwezi kushika.

Watu husema ajali haina kinga. Nawaomba tusilitumie neno hilo hapa. Ajali hii kinga yake inajulikana, haigharimu fedha, na utingo alikuwa nayo tangu zamani. Ni ishara. Basi halikuondoka mpaka mtu aliyeko nyuma aseme kwamba nyuma ni salama.

Kwa hiyo kila nyumba na iweke sheria tatu, tena zisemwe mbele ya watoto wote, wakiwamo wa majirani. Sheria ya kwanza: ngazi ina utingo mmoja, mtu mzima anayejulikana kwa jina, na mwingine hapandi bila yeye. Sheria ya pili: injini ikiwaka, hakuna mkono wala mguu kwenye ngazi, awe mtoto au mkubwa, iwe ni hatua ishirini au mbili. Baba naye asiivunje kwa mapenzi. Furaha ya kupokelewa na ihamie ndani ya gari, mtoto aketi kitini na kufungwa mkanda hata kwa hatua hizo ishirini. Sheria ya tatu: kabla ya kuondoa gari, dereva alizunguke kwa miguu, aone nyuma kwa macho yake, na penye watoto awepo mtu wa kusimama pembeni akahesabu vichwa na kusema, "Nyuma ni salama, twende."

Wapo watakaoona haya kuzunguka gari lao wenyewe kila asubuhi mbele ya majirani. Madereva wengi wa malori makubwa hufanya hivyo kila siku, nao wana uzoefu kuliko sisi. Na wapo watakaosema kwamba watoto hawasikii. Watoto husikia sana kile wanachokiona kinatendwa. Mtoto akiona kwamba baba mwenyewe hapandi mpaka mlango ufungwe, kwamba mama hupokeza mzigo kutoka chini, na kwamba gari haliondoki kabla ya neno kutoka nyuma, atakua akijua kwamba hiyo ndiyo desturi ya gari.

Leo ni Jumapili, na wengi wetu tuko nyumbani. Chukueni spana, kazeni bolti, oshen­i chumvi, tazameni bawaba. Kisha waiteni watoto wasimame nyuma ya gari, na dereva aketi penye usukani wake, injini ikiwa imezimwa, awatafute kwa vioo. Atakapoona ni wangapi hawaonekani, hatahitaji tena makala ya kumshawishi. Baada ya hapo, mchagueni utingo wenu.